Kibarazani si Ghalani

Juma hili mzee mmoja ameniletea swali lililonigusa mahali panapouma. Watoto wake wakaao mjini wamechanga fedha, wakanunua kompyuta iliyokwisha tumika, wakaitia diski nne na programu iitwayo Unraid, ili picha na hati za ukoo mzima zikae mahali pamoja. Kijana wake amemwambia, "Baba, sasa hakuna kitakachopotea." Mzee auliza: Je, ni kweli?

Ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo iliyonipata mimi, nami nitaieleza bila kujificha.

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Unraid ni kazi ya kampuni ya Marekani, Lime Technology, na imekuwako tangu mwaka 2005. Diski zake kubwa ni kama ghala lenye vyumba. Kila diski hukaa na faili zake nzima, wala faili moja haikatwi vipande na kutawanywa. Diski moja huwekwa kando iwe diski ya pariti, nayo sharti isizidiwe kwa ukubwa na nyingine yoyote. Hiyo haitunzi picha hata moja, yatunza hesabu tu.

Hesabu gani? Kompyuta huandika kila kitu kwa 0 na 1. Tuseme mahali fulani diski ya kwanza ina 1, ya pili ina 0, ya tatu ina 1. Pariti huandika 0, ili idadi ya moja zote iwe shufwa. Siku diski ya pili ikifa, mashine hutazama 1 ya kwanza, 1 ya tatu na 0 ya pariti, ikajua kwamba iliyopotea ni 0. Mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, ila mashine huifanya mara mabilioni bila kuchoka. Basi mnanunua diski nyingine, na yote yaliyokuwamo hurudi. Zikifa mbili kwa pamoja na pariti ni moja tu, yaliyomo katika hizo mbili yamekwenda, lakini diski zilizobaki bado husomeka.

Ulinzi huo una gharama. Kila kitu kikiandikwa ghalani, mashine husoma kwanza, hupiga hesabu, kisha huandika mahali pawili. Kazi huwa ya polepole. Ndiyo sababu watu huongeza diski ndogo yenye mbio, ile SSD isiyo na sahani inayozunguka, wakaiita diski ya kache.

Mimi hiyo naiita kibaraza. Siku ya mavuno magunia hufika jioni na mvua yatishia. Huanzi kuyapanga ghalani. Wayatua upesi kibarazani, na watu wakitulia wayaingiza moja moja. Katika Unraid yumo mchukuzi wa kazi hiyo, nayo ni programu ndogo. Msipombadilishia saa, huanza kila siku saa kumi kasoro dakika 20, kabla ya alfajiri.

Sasa sikilizeni vizuri. Pariti hulinda ghala. Kibaraza hailindi kabisa. Gunia lililotuliwa kibarazani, kama kibaraza ni cha diski moja tu, likipotea limepotea.

Tena kila folda ya pamoja ina agizo lake. Folda ya pamoja ni kama jina la familia: ukiifungua, yaonekana moja tu, kumbe faili zake nyingine zimo diski ya kwanza, nyingine ya tatu, nyingine zingali kibarazani. Zamani agizo lilikuwa la maneno manne ya Kiingereza, yenye maana ya ndiyo, hapana, pekee na pendelea. Ukichagua "ndiyo," kitu kipya hutua kibarazani, kisha mchukuzi hukipeleka ghalani. "Hapana," huenda ghalani moja kwa moja. "Pekee," hukaa kibarazani siku zote na mchukuzi hakigusi. Na "pendelea" ndilo neno lililowadanganya wengi, maana mchukuzi hugeuka akatoa vitu ghalani kuvileta kibarazani. Tangu toleo la 6.12 la mwaka 2023 ukurasa huuliza wazi zaidi: pa kwanza ni wapi, pa pili ni wapi, na mchukuzi aelekee wapi. Hata hivyo mtu mwenye haraka hukosea.

Mwenye haraka nilikuwa mimi. Mashine yetu, iliyokaa kwa kaka yangu mjini, ilikuwa ya toleo la zamani, nami ndiye niliyeipanga. Katika folda ya ukoo nilichagua "pekee," nikidhani maana yake ni kutumia kache tu kwa ajili ya mbio. Tuliweka humo picha za mazishi ya baba, na sauti ya bibi akisimulia jinsi ukoo ulivyohama. Kisha nikawaambia ndugu zangu wafute katika simu zao wapate nafasi. Baada ya miezi mitano SSD ilikufa ghafula. Ghala lilikuwa zima kabisa. Dada yangu akapiga simu: "Kaka, si ulisema hata diski ikifa vitu hurudi?" Nilisema hivyo, ndiyo. Picha nyingi tulizipata katika simu ya shemeji ambaye hafuti kitu chochote, na zamani tulikuwa tukimcheka kwa hilo. Sauti ya bibi hatukuipata, naye alikuwa amekwisha fariki.

Basi, mzee wangu, mwambie kijana afungue agizo la folda ya picha. Kama pa kwanza ni kache, pa pili sharti pawe ghala, na mchukuzi aelekezwe kutoka kache kwenda ghala. Kwa maoni yangu, picha za nyumbani hazihitaji kibaraza hata kidogo. Nani anakimbizwa? Ziende ghalani moja kwa moja, hata zikichelewa dakika chache. Kibaraza kiachiwe faili za programu zinazosomwa na kuandikwa mchana kutwa, na hapo afadhali ziwe SSD mbili zinazonakiliana kama mtu na kioo chake.

Folda nyingine zikitumia kache, asisahau kuweka kiasi cha nafasi ya kubakizwa. Mashine huchagua pa kutua faili kabla haijajua ukubwa wake. Ikiletwa video ya arusi na nafasi haitoshi, kazi hukatika katikati. Kiasi hicho kizidi faili kubwa kuliko zote wanazotazamia. Hapo kibaraza kikikaribia kujaa, vitu vipya hupelekwa ghalani vyenyewe. Kadhalika mchukuzi haichukui faili iliyo wazi. Kijana aliyeacha hati wazi usiku kucha ataikuta pale pale asubuhi.

Kuhusu nani aruhusiwe kuingia, nitasema kidogo. Folda yaweza kuwa wazi kwa wote, au wote wasome na wachache waandike, au ifungwe kabisa ila kwa waliotajwa. Hati za shamba zifungwe. Picha za ukoo wazisome wote, na wenye ruhusa ya kufuta wawe wawili tu, kwa sababu kitu kikifutwa, pariti nayo hupiga hesabu upya kana kwamba hakikuwapo. Haina nakala ya kukurudishia. Kwa hiyo wanunue na diski ya nje, wanakili vitu vya ukoo, ikakae nyumba nyingine.

Na kabla mtu yeyote hajafuta picha katika simu, kijana afungue ukurasa wa folda za pamoja. Duara la kijani kando ya jina maana yake faili zote za folda hiyo zimelindwa. Alama ya hadhari maana yake baadhi, au zote, bado hazijalindwa. Dada yangu sasa hunipigia simu asubuhi kuuliza rangi kwanza, ndipo afute.