Afe Punda, Nani Atafikisha Mzigo?

Wapo wanaodai kwamba msongo wa kazi ni maradhi ya kuagiza, yaliyoletwa na ofisi zenye viyoyozi, na kwamba mtu wa Songea, aliyezoea jembe, hayajui. Hoja hii haina mashiko, na historia yenyewe inaikanusha.

Zama za Mwingereza, Songea ilikuwa miongoni mwa chemchemi za vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Walichukuliwa kwa mkataba wakaitwa manamba, kwani huko shambani namba ilitangulia jina. Kila mmoja alishika kipande cha siku 30 za kazi, na ujira haukutoka mpaka siku hizo zitimie. Alalaye na kuamka na hesabu ya namna hiyo hachoki mgongo peke yake. Huchoka na fikra, maana hesabu ya kesho hula nafasi ya kutafakari leo.

Kipande hakipo tena, lakini mantiki yake ingali hai. Dereva wa lori la makaa ya mawe ya Ngaka, akihimizwa safari zisizo na usingizi hadi bandari ya Mtwara, hapungukiwi nguvu tu, bali hupungukiwa na uamuzi. Mwalimu asahihishaye madaftari hadi usiku wa manane huyapitisha macho bila kuelewa, na asubuhi humkaripia mtoto asiye na kosa. Akili iliyoelemewa husahau, hukosa subira, na huona njia moja palipo na tatu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kuwa ni zao la mkazo sugu wa kazini usiodhibitiwa. Halikuuita uvivu. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, huko Bara, iliweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Lakini sheria hunyamazishwa kwa methali: afe punda, mzigo wa bwana ufike.

Hapa ndipo wapenzi wa lugha wanapohusika. Methali hiyo hunukuliwa kama sifa ya uvumilivu, wala haiulizwi kauli hiyo ni ya punda au ya bwana. Hekima ya wahenga isigeuzwe mjeledi. Walisema pia kwamba kamba hukatikia pembamba. Punda akifa njiani, mzigo haufiki. Hulala naye hapo hapo alipoanguka.