Jani Nalo ni Dawa, na Daktari Alijue

Mwaka 1942, jijini Montreal, daktari wa usingizi Harold Griffith alimdunga mgonjwa kurare ili misuli ya tumbo ilegee na wapasuaji wafanye kazi yao. Kurare hutoka kwenye mimea ya misitu ya Amerika Kusini. Wawindaji wa huko waliipaka kwenye mishale. Mnyama aliyechomwa alilegea misuli yote, hata ya kupumulia, akafa. Ni sumu ya porini, haikubuniwa na kiwanda chochote. Anayedai kwamba cha asili hakidhuru aanze kwa kueleza hilo.

Dai lenyewe limeenea mno. Mgonjwa anapasuliwa kesho na hofu imemnyima usingizi. Ndugu anamjia wodini na chupa ya majani yaliyochemshwa, anamwambia anywe atulie, kwani hiyo si dawa, ni majani tu. Muuguzi akiuliza kama kuna dawa yoyote anayotumia, mgonjwa anajibu hapana. Hadanganyi. Ndivyo alivyofundishwa kuamini, na imani hiyo inaweza kumgharimu uhai akiwa kwenye nusukaputi.

Mwaka 2000 madaktari wa Zurich waliripoti habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuukataa ghafla. Wote wawili walikuwa wakitumia mmea uitwao St John's wort, unaopendwa sana Ulaya kwa kutuliza huzuni na wasiwasi. Mmea huo huamsha vimeng'enya vya ini, navyo vikaivunjavunja dawa iliyokuwa ikiulinda moyo mpya. Vimeng'enya hivyohivyo huvunja midazolamu, dawa ambayo madaktari wa usingizi huitumia sana kumtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji. Kava, mzizi wa visiwa vya Pasifiki unaonywewa kwa utulivu, ulipigwa marufuku Ujerumani mwaka 2002 baada ya kuhusishwa na maradhi ya ini. Mahakama iliiondoa marufuku hiyo miaka kadhaa baadaye, lakini hoja ya ini haikufutika. Hata vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuchelewesha damu kuganda.

Mitishamba nayo itendewe haki. Huko Tehran, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa 60 waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa miligramu 500 za mmea ulio ndugu wa pasheni, dakika 90 kabla ya upasuaji, wengine kidonge kisicho na kitu. Waliopewa mmea walipungukiwa na wasiwasi bila kulewa usingizi. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini pale mmea ulijulikana, kipimo kilijulikana, saa ilijulikana, na daktari wa usingizi alikuwa na habari. Chupa ya ndugu haina hata kimoja kati ya hivyo vinne.

Wala asishangilie anayeona kidonge cha hospitali ndicho jibu la kila hofu. Utafiti wa Ufaransa uliotolewa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, uligundua kwamba kuwapa watu lorazepamu, dawa nyingine ya kutuliza, kabla ya upasuaji hakukuwafanya waridhike zaidi na huduma, bali kuliwachelewesha kuzinduka. Midazolamu nayo, ikizidi, hudhoofisha pumzi. Wenye hofu kali wanaihitaji; kumpa kila mtu kwa mazoea ni uvivu.

Uvivu, kwa sababu tiba nyingine imejulikana tangu 1963. Mwaka huo Lawrence Egbert na wenzake wa Boston walionyesha kwamba wagonjwa waliotembelewa na daktari wa usingizi, akawaeleza kitakachotokea, walikuwa watulivu kuliko waliopewa dawa ya usingizi peke yake. Wale wa dawa walisinzia tu, hofu yao ikabaki palepale.

Katika mazungumzo hayohayo ndipo swali la mitishamba linapaswa kuulizwa, tena kwa majina: mwarobaini, tangawizi, habasoda, mzizi wa mganga, vidonge vya dukani. Liulizwe bila kejeli, maana mgonjwa aliyechekwa mara moja hatasema tena. Chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kimeshauri mitishamba iachwe wiki mbili kabla ya upasuaji. Majeruhi wa bodaboda hana wiki mbili. Anayemsindikiza ataje alichokunywa na saa aliyokunywa, na kama chupa ipo, aibebe hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji.