Utafiti wa wanafunzi wetu usiishie kabatini



Nina dukuduku kuhusu kazi za kisayansi za wanafunzi wa Mpanda.

Mwaka jana binti yangu, akiwa kidato cha tatu, alijaza mahindi kwenye ndoo tatu. Ya kwanza alichanganya na majivu, ya pili na majani ya mwarobaini yaliyokaushwa na kutwangwa, ya tatu akaiacha hivyo hivyo. Kila Jumamosi alimwaga punje mia kwenye ungo na kuhesabu zilizotobolewa na dumuzi. Ndoo ya majivu ndiyo iliyostahimili.

Dumuzi tunamfahamu. Hapa nchini alionekana kwanza kwa majirani zetu wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo anatusagia mahindi ghalani. Lakini kazi ya binti ilipewa alama, ikafungiwa kabatini. Alipoomba kuieleza kwenye kikao cha wazazi, aliambiwa ratiba imejaa. Daftari la jaribio nililifuata mwenyewe shuleni. Jirani alipoliona mezani aliuliza swali moja tu: "Majivu kiasi gani kwa gunia?" Hakuweza kulisoma daftari lenyewe, maana limeandikwa Kiingereza.

Mwanafunzi akisikilizwa, kazi yake hufika mbali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba mkoani Tanga, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Akachekwa. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam alimsikiliza, jaribio likarudiwa, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Tunashukuru maonyesho ya kazi za wanafunzi ya Young Scientists Tanzania yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2012. Hata hivyo, mkulima wa Katumba huku kwetu hawezi kusafiri hadi Dar kusikiliza habari za mahindi yake.

Naomba mambo matatu. Walimu wawasaidie wanafunzi kuandika matokeo yao kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Watendaji wa vijiji wawape dakika kumi kwenye mikutano ya hadhara. Redio za hapa ziwatengee kipindi, wahojiwe na wasikilizaji wapige simu kuuliza. Mtoto aliyehesabu punje kila Jumamosi anastahili kusikilizwa na wanaolima mahindi hayo.

Mzazi,
Makanyagio, Mpanda