Moto Usikaribishwe Penye Tairi
Hoja iliyochapishwa kwamba njia bora ya kulegeza nati ya gurudumu iliyoganda ni kuichoma kwa moto wa gesi imeacha nje jambo ambalo limewahi kuua mafundi. Ni kweli kwamba kutu, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na hivyo kuzibana nyuzi za bolti, na kwamba nati ikipata joto hutanuka na kuuvunja mshiko huo. Lakini ringi hupitisha joto hilo hadi kwenye mpira, ambao ukivunjwavunjwa na joto ndani ya tairi lililojaa upepo hutoa gesi zinazoweza kuwaka na kulipuka, wakati mwingine baada ya moto kuzimwa. Kutahadharisha juu ya vidole kuungua, kama mwandishi wa hoja hiyo alivyofanya, hakutoshi hata kidogo. Mafuta ya kupenya kutu yakiachwa saa kadhaa, kisha nati ikajaribiwa kwa spana ndefu kabla gari halijapigwa jeki, mara nyingi hutosha. Ikikataa, ipasuliwe kwa patasi na bolti ibadilishwe.