Mkalimani Si Dharau

Tangu mzee wetu mmoja aombwe na muuguzi kutoka nje ya chumba, ili mkewe aulizwe maswali kupitia mkalimani wa simu, jumuiya yetu hapa Louisville imegawanyika. Wengi mnasema amevunjiwa heshima. Akina mama wamenyamaza, na ukimya wao ndio unaotusumbua zaidi.

Tuieleze kanuni ilivyo, maana vikaoni inasimuliwa vibaya. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010, ile mnayoiita Obamacare, kinaibana kila hospitali na kliniki inayopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za Medicaid. Kanuni zake zilizochapishwa Mei 2024 zinataka mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri apewe mkalimani mwenye sifa, bila malipo. Haruhusiwi mtu kumwambia aje na wake. Mtoto hatakiwi kutafsiri, ila pale usalama wa mtu upo hatarini na mkalimani hajapatikana, na hata hapo ni kwa muda tu. Ndugu mtu mzima anaweza kutafsiri iwapo mgonjwa mwenyewe ataomba hivyo. Lakini ombi hilo lazima alitoe faraghani, mkalimani akiwepo na ndugu huyo akiwa nje. Kisha ndugu akubali, na yote yaandikwe kwenye faili.

Rudieni kusoma hapo. Muuguzi hawezi kujua kwamba mama anataka mumewe amsemee kama mume amesimama pale pale akimjibia.

Wapo pia wanaoeneza kwamba ukalimani umefutwa tangu Rais Trump alipotia saini, tarehe 1 Machi 2025, amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi. Amri hiyo ilifuta amri ya Rais Clinton ya mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza vizuri. Haikufuta sheria iliyopitishwa na Bunge. Kwa uvumi huu watoto wanatolewa shuleni kwenda kutafsiri kliniki, na wazazi hawaoni tatizo! Mama anayetokwa damu isiyo ya kawaida hawezi kumweleza daktari kupitia mwanawe wa kiume wa darasa la saba. Atasema tumbo linamuuma, na atatibiwa tumbo.

Muuguzi naye hakufanya vizuri. Mzee huamkiwa kwanza, akaelezwa sababu, akaonyeshwa pa kukaa. Hayo yangechukua dakika mbili na pasingekuwa na kesi. Lakini nani atawafundisha? Hospitali ilituomba tupeleke watu wa kuzungumza na wauguzi wake kuhusu desturi zetu: mama anayetaka kuhudumiwa na mwanamke, mgonjwa wa kisukari anayefunga Ramadhani, ukoo mzima unaojaa wodini mtu akizidiwa. Tuna wauguzi na wahudumu wa wagonjwa wengi humu ndani. Walijitokeza wachache mno, nao walikuwa wametoka zamu ya usiku. Waliobaki mlikuwa na nafasi ya kulumbana kwenye WhatsApp hadi saa sita za usiku.

Kwa hiyo, ukipiga simu kuomba miadi, taja lugha yako hapo hapo. Mama wa Uvira au Bukavu aombe mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, na asipomwelewa aliyeletwa, aseme, aombe mwingine. Usitie saini fomu ambayo hujasomewa. Wauguzi wetu nao msikubali kuitwa kutoka wodi nyingine mkatafsiri upasuaji kwa sababu tu mnajua Kiswahili. Kanuni inataka mtu aliyethibitishwa kuwa anaiweza kazi hiyo.

Ukinyimwa mkalimani, andika siku, saa na jina la kliniki. Una siku 180 za kulalamika kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Afya ya Marekani, na katibu wetu atakusaidia kujaza fomu. Suala la mzee litajadiliwa kikao kijacho. Akina mama, njooni mseme wenyewe, msisemewe.