Gumbo, Bamia na Jina la Mpishi

Mwanafunzi wa fasihi akiombwa ataje matini, aghalabu hukimbilia riwaya, tamthilia au diwani ya mashairi. Akiwa mjasiri kidogo, ataongeza majina ya leso na maandishi ya matatu. Ni nadra kumsikia akitaja orodha ya vyakula iliyolazwa juu ya meza mkahawani. Ilhali orodha hiyo ina mtunzi, ina hadhira, ina mtindo wake wa kuteua maneno na, zaidi ya yote, ina mambo iliyoamua kuyanyamazia. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba mkahawa unaouza mapishi ya jamii fulani una deni la kuitaja jamii hiyo pamoja na wapishi wake, na kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tuna zana za kulidai deni hilo, ugenini na hapa kwetu.

Mfano wangu mkuu ni mikahawa ya mitaani ya Kusini mwa Marekani, ile inayouza vyakula vya baharini katika visahani. Niliifahamu kwa karibu mwaka niliokuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha jimbo la North Carolina. Ni mikahawa ya kupendeza. Meza zake ni chache, wateja wengi ni majirani, na mhudumu humwita mteja kwa jina. Chakula hakiji katika sahani moja kubwa, kila mtu na yake. Huja visahani vingi, kimoja baada ya kingine, vikawekwa katikati na walioketi wakashirikiana. Aliyelelewa kwa sinia moja hataona jambo geni hapo, isipokuwa kwamba kila kisahani kina bei yake, na hesabu ya mwisho si haba.

Humo mlaji atapata chaza wabichi waliokamuliwa limau, kambare aliyevingirishwa katika unga wa mahindi akakaangwa, na vibonge vya unga uo huo vilivyozamishwa katika mafuta mithili ya bajia. Atapata pia kamba juu ya grits. Grits ni mahindi yaliyosagwa chenga kisha yakapikwa hadi yakawa rojo, kitu kilicho baina ya uji na ugali wetu, na asili yake ni kwa Wenyeji wa Marekani waliokuwako kabla ya Wazungu. Kwa muda mrefu kamba na grits kilikuwa kiamshakinywa cha wavuvi wa pwani ya South Carolina. Kilipanda hadhi kupitia kwa Bill Neal, mmoja wa waliofungua mkahawa wa Crook's Corner mjini Chapel Hill mwaka 1982. Mwaka 1985 Craig Claiborne alikiandika katika gazeti la New York Times, na tangu hapo kikaenea Marekani nzima. Crook's Corner wenyewe ulifungwa mwaka 2021, lakini chakula chake kikuu kingali kinapikwa kila mahali.

Turudi kwenye orodha. Niliyoisoma mimi katika mkahawa mmoja ilitaja ghuba walikotoka chaza, shamba lililotoa nyanya na kinu kilichosaga mahindi. Jina la mpishi mkuu lilichapwa kwa herufi kubwa. Juu kabisa paliandikwa kuwa mapishi yote yametokana na ilhamu ya Kusini. Nilipomwuliza mhudumu asili ya neno gumbo, jina la mchuzi mzito wa kamba, kaa na bamia, alinijibu kwa ukarimu kwamba ni neno la Kifaransa.

Sina ugomvi na mhudumu, alijibu alivyofundishwa. Ugomvi wangu ni na hilo neno ilhamu. Katika taaluma yetu, mtu akisema kazi yake imetokana na ilhamu, swali linalofuata ni moja: ilhamu ya nani? Mwanafunzi anayewasilisha tasnifu iliyojaa mawazo ya mwenzake, kisha akajitetea kwamba alipata tu ilhamu, huambiwa bila kigugumizi kuwa ametenda wizi wa kitaaluma. Katika orodha ya vyakula, ilhamu inatajiwa upande wa dira peke yake. Kusini ni upande wa dunia. Upande wa dunia haupari samaki wala haukorogi chungu; kuna watu waliofanya hivyo.

Watu hao wamesahauliwa, lakini lugha haikuwasahau. Neno gumbo kweli lilipitia Kifaransa cha Louisiana, ila halikuzaliwa humo. Wanaisimu wengi hulihusisha na lugha za Kibantu za eneo la Angola, ambako bamia iliitwa kingombo. Wapo pia wanaolihusisha na lugha ya Wachoctaw, wenyeji wa Kusini, ambao unga wao wa majani ya sasafrasi hutumiwa hadi leo kuuzidisha uzito mchuzi huo. Lakini msomi wa Kiswahili akiliona neno kingombo hahitaji kuambiwa mengi. Kile kiambishi ki- kinamkonyeza. Hapa pana kinaya kinachostahili kutafakariwa. Kiswahili, lugha ya Kibantu, huiita mboga hiyo bamia, neno lenye asili ya Kiarabu. Watu waliovushwa Atlantiki kwa minyororo, wakanyang'anywa mali, jamaa na hata majina yao, ndio waliolipeleka neno la Kibantu ng'ambo likadumu huko. Si hilo tu. Njugu karanga huko Kusini zina jina la goober, na asili yake ni nguba ya Kikongo.

Wasomi wa isimu wanamkumbuka Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani mweusi aliyewarekodi Wagullah wa visiwa na pwani za South Carolina na Georgia katika miaka ya 1930. Wakati huo wengi waliamini kwamba Kigullah ni Kiingereza kilichovunjika, usemi wa watu wasiojua kusema. Katika kitabu chake cha mwaka 1949, Turner alionyesha maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Kiafrika yaliyokuwa yakitumika katika jamii hiyo. Somo lake kwetu ni kwamba neno ni ushahidi. Pale ambapo hati za mashamba ziliandika watumwa kama ng'ombe, kwa idadi na kwa thamani, maneno ya jikoni yalihifadhi habari za walikotoka.

Si kweli, hata hivyo, kwamba wapishi wote walipotea bila majina. Abby Fisher alizaliwa utumwani South Carolina. Baada ya uhuru alihamia San Francisco, na mwaka 1881 kitabu chake cha mapishi ya Kusini kikachapishwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Alisimulia, wengine wakaandika. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja kilichotokea: ujuzi uliopokezanwa kwa mdomo na kwa mkono uliingia katika maandishi bila ya mwenyewe kupotea jina. Thomas Downing, aliyezaliwa Virginia mwaka 1791, alifungua mkahawa wa chaza mjini New York mwaka 1825, ukawa mahali pa kulia matajiri na wanasiasa. Naye anakumbukwa pia kwa kuwasaidia watumwa waliotoroka. Edna Lewis, mjukuu wa mmoja wa watu walioasisi kijiji cha Freetown, Virginia, baada ya kutoka utumwani, alichapisha mwaka 1976 kitabu cha mapishi na kumbukumbu za kijiji hicho. Mwaka 2015, Toni Tipton-Martin alitoa kitabu kinachokusanya habari za vitabu vya mapishi vya Wamarekani weusi vya karne mbili. Kwa hiyo mwenye mkahawa wa leo hawezi kusema kwamba hakuna wa kumtaja.

Fauka ya hayo, meza ya mkahawa wa Kusini si samani tu. Ni uwanja wa mapambano. Mkahawa wa Dooky Chase's wa mtaa wa Tremé, New Orleans, ulianza mwaka 1941. Leah Chase alipika humo kwa miongo mingi, hadi alipofariki mwaka 2019. Katika miaka ya 1960, sheria zilipokuwa zingali zinakataza weusi na weupe kula pamoja, wanaharakati wa rangi zote mbili walikutana humo na kupanga mikakati yao wakila gumbo yake. Tarehe 1 Februari 1960, huko Greensboro, North Carolina, vijana wanne waliketi kwenye kaunta ya kulia chakula ya duka la Woolworth iliyotengewa weupe, wakaagiza kahawa, wakanyimwa, na wakakataa kuondoka. Walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu kama sisi: Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil. Migomo ya namna hiyo ilienea Kusini yote, na sheria ya mwaka 1964 ikaharamisha ubaguzi katika mikahawa. Haki ya kuketi mezani ilidaiwa hivyo na ikapatikana. Haki ya kutajwa katika karatasi iliyo juu ya meza iyo hiyo ndiyo ninayoizungumzia.

Watakaonipinga watasema kwamba chakula hakina mwenyewe. Watanikumbusha kuwa chakula husafiri, huchanganyika na hubadilika. Hata kamba wa maji yasiyo chumvi kutoka Louisiana waliingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, na Mkenya huwala bila kuomba ruhusa ya mtu. Watauliza pia: je, Waswahili hawakukopa biriani, sambusa, chapati na achari? Hoja hii ina uzito, nami siikatai. Sidai kwamba mpishi mweupe asipike gumbo, wala kwamba mapishi yafungiwe katika mipaka ya damu. Gumbo yenyewe ni mkutano wa Mwafrika, Mchoctaw na Mfaransa katika chungu kimoja. Lakini tazama tulivyokopa sisi. Tulichukua chapati na jina lake, biriani na jina lake, achari na jina lake. Mtoto wa Mombasa anayetamka biriani hutaja, hata bila kujua, barabara ndefu iliyokileta chakula hicho hadi kwao. Kukopa si dhambi. Kosa ni kukopa kisha ukalifuta jina la mkopeshaji, au kulibakiza jina huku ukilipa ukoo usio wake.

Wengine watasema kuwa mlaji amekuja kula, hakuja kusoma historia. Mbona basi anasomeshwa jina la ghuba na la kinu? Kisahani kimoja cha chaza kina maelezo ya mistari miwili mitatu. Nafasi ipo, kinachokosekana ni nia.

Tusiwacheke Wamarekani, maana kwetu nako kunafuka moshi. Katika hoteli nyingi za Nairobi, samaki wa kupaka amevuliwa jina lake akavishwa la Kiingereza, akawa samaki wa mchuzi wa nazi basi. Viazi karai, mkate wa sinia na mbaazi za nazi huwekwa chini ya anwani moja ya mapishi ya Pwani. Pwani ipi? Ya Lamu, ya Mombasa au ya Vanga? Ya Wabajuni, ya Waamu, ya Wamvita au ya Wamijikenda? Kama Kusini ilivyo, Pwani nayo ni mahali, haikuni nazi. Jina linapoondoka, msamiati wake hulifuata. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili katika vyuo vyetu wanaoweza kueleza kifumbu ni nini, au kulitofautisha tui la kasimele na tui jepesi la mkamuo wa pili? Wengi tunaijua mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu ya mtihani wa msamiati, si kwa kuikalia.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kianze kukusanya msamiati wa jikoni kutoka kwa wapishi wenyewe, na kila neno liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa na mahali alipo, iwapo ameridhia. Turner alifanya kazi ya namna hiyo kwa mashine nzito za wakati wake. Sisi tuna simu mifukoni. Pili, walimu wetu waikubali orodha ya vyakula kama matini halali ya utafiti wa nyanjani, sawa na leso na majina ya majahazi. Tatu, wenye mikahawa waliandike jina la Kiswahili mwanzo, tafsiri ifuate, na chini yake mstari mmoja wa kueleza chakula hicho ni cha nani na kimetoka wapi. Gharama ya mstari huo ni wino tu.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mpishi wa gumbo na mpishi wa samaki wa kupaka wametulisha vya kutosha, na pete yao ni jina. Shime, wasomi wenzangu, tulitaje.