Namba ya Kwanza Isiaminiwe Upesi

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huko Ufipa haina mzaha. Mtoto anayefikishwa zahanati alfajiri, akiwa mgongoni mwa mama yake, huwa na vidole baridi. Hata hivyo, kipima oksijeni kikibanwa kidoleni hutoa namba papo hapo. Namba hiyo haistahili kuaminiwa upesi.

Kifaa hicho, ambacho msingi wake uliwekwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, hakioni oksijeni yenyewe. Hupitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hukisia kiasi cha oksijeni kwa kulinganisha mwanga unaopenya. Ndani yake mna kichujio cha kihesabu kinachounganisha vipimo vya sekunde kadhaa. Kisio la mwanzo laweza kuwa na kosa. Kichujio thabiti hulisahau kadiri vipimo vipya vinavyoingia. Kanuni hiyo huchunguzwa pia na wanafizikia wanaopima mfululizo chembe za mwanga: kosa la mwanzo hufutika iwapo tu vipimo vinabeba habari ya kutosha.

Sharti hilo ndilo kiini cha hoja. Kidole baridi, mtoto anayetapatapa au kucha iliyopakwa rangi hukinyima kifaa habari, na hapo kusubiri peke yake hakusaidii. Kidole kipashwe joto, mtoto atulizwe, ndipo namba iliyotulia iandikwe pamoja na saa yake.

Lakini utulivu wa namba si usahihi wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kuwa vifaa hivi vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kosa la namna hiyo halifutwi na subira. Kwa hiyo namba nzuri isimnyamazishe mama anayesema mwanawe hawezi kunyonya.

Wala mwinuko usigeuzwe kisingizio. Hupunguza oksijeni kidogo, lakini hautoshi kueleza namba iliyo chini ya asilimia 90, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani huelekeza mtoto apewe oksijeni. Mwenye dalili za hatari aanzishiwe tiba huku kipimo kikiendelea. Kwa wengine, dakika moja ya subira ni haki yao.